Barafu ya kulamba kwa mbwa wakati wa jua la Oktoba: jibu kwa msomaji wa Rujewa

Swali: "Shikamoo daktari. Ninaishi Rujewa, na mwaka huu jua la Oktoba limetuelemea sisi na mifugo yetu. Nina mbwa wawili wa kulinda nyumba: Popi, jike wa kienyeji mwenye kilo kama 15, na Simba, chotara wa jemani shepadi mwenye kilo 30, ambaye ametimiza miaka minane na manyoya yake ni mengi. Mchana kutwa wanahema, na chakula wanakiacha. Binti yangu anayesoma Mbeya ameniambia kwamba wapo watu wanaowagandishia mbwa wao mtindi na matunda kwenye friji, wakawapa walambe kama watoto wanavyolamba barafu. Friji ninayo. Naomba kujua kama jambo hili lina faida ya kweli au ni mchezo wa wenye nafasi. Nitumie nini katika vitu tulivyo navyo huku, yaani mtindi, matikiti, ndizi, maparachichi, karanga na supu ya mifupa. Na nitengeneze vipi. Jirani yangu ananionya kwamba barafu humuua mbwa aliyepata joto. Je, ni kweli?"

Jibu: Marahaba, mama. Swali lako limekuja wakati wake, kwa kuwa bonde la Usangu linapozisubiri mvua za mwishoni mwa Novemba ndipo joto lake huwa kali kuliko miezi mingine yote, na hali ya mbwa wa Rujewa haifanani hata kidogo na ya wale niliowahudumia Makete, ambako mwezi Juni utamkuta mbwa amejikunja jikoni kando ya mafiga huku nje umande umeganda juu ya majani. Mtu wa Makete akiniuliza swali hili nitamwambia asihangaike. Wewe nakujibu kwa kirefu.

Faida ipo, lakini si ile ambayo watu wengi huidhani. Wengi huamini kwamba barafu humpoza mbwa mwili mzima, kumbe hesabu yake ni ndogo: kipande cha gramu 200 kinapoyeyuka tumboni na kufikia joto la mwili, hunyonya kiasi cha joto ambacho mwili wa mbwa wa kilo 30 kama Simba hukizalisha upya kwa muda usiofika saa moja, hata akiwa amelala tu. Faida ya kweli iko kwingine. Kwanza, mbwa anayelamba anakunywa maji bila kujua kwamba anakunywa, na mbwa mzima mwenye afya anahitaji kati ya mililita 50 na 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani karibu lita moja kasoro kwa Popi na lita moja na nusu au zaidi kwa Simba, na siku za jua kali mahitaji hayo hupanda. Pili, mbwa aliyepewa kitu cha kulamba kivulini hukaa hapo kivulini kwa dakika 20 au 30 akiwa ametulia, badala ya kukimbilia getini kila bodaboda inapopita, na utulivu huo ndio unaompunguzia joto kuliko barafu yenyewe. Tatu, mbwa aliyekataa ugali wake wa mchana kwa sababu ya joto huweza kuanza kula tena kwa kitu chepesi na baridi.

Ukishaelewa hivyo, maswali yako mengine yote yanarudi kwenye jambo moja: barafu ikifika tumboni ni chakula kama chakula kingine. Ubaridi haupunguzi sumu wala hauui vijidudu, na wala haupunguzi mafuta au sukari. Kile ambacho usingempa mbwa kikiwa cha moto, usimpe kikiwa kimeganda.

Kuhusu onyo la jirani yako, naomba umweleze kwa upole kwamba barafu na maji baridi havimuui mbwa aliyepata joto. Maneno haya yamezunguka miaka mingi, na yamechanganywa na ugonjwa wa kweli ambao tumbo la mbwa hujaa hewa kisha likajipinda, ugonjwa unaoua kwa saa chache usipofanyiwa upasuaji. Ugonjwa huo huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, wenye umri uliosogea, wanaolishwa mlo mmoja mkubwa kwa siku na wanaokula kwa pupa. Ubaridi wa maji haujaonekana kuwa chanzo chake. Hata hivyo Simba ana umbo na umri wa kundi hilo, kwa hiyo nashauri asipewe kitu chochote kingi kwa mkupuo mara tu baada ya kukimbia, kiwe baridi au cha moto. Mwache apumzike mpaka kuhema kwake kutulie, kisha mpe. Na mlo wake wa siku ugawe mara mbili, asubuhi mapema na jioni jua likishapoa; huenda ukaona kwamba hata lile tatizo la kuacha chakula limepungua, maana mbwa wengi wa huku hutengewa chakula saa saba mchana, saa ambayo hata sisi wenyewe hatuna hamu ya kula.

Hatari ninayoiogopa zaidi katika barafu ni meno. Mbwa mmoja aliletwa kwangu Iringa akiwa amepasuka gego kubwa la juu, lile la kukatia nyama, kwa sababu watoto wa nyumba ile walikuwa wakimrushia mabonge ya maji yaliyoganda naye akiyavunja kwa furaha, na jino lile ilibidi ling'olewe. Kipimo changu ni ukucha: bonyeza kitu unachotaka kumpa mbwa kwa ukucha wa dole gumba, na kama ukucha hauachi alama yoyote, kitu hicho ni kigumu mno kwa meno yake. Maji matupu yaliyoganda hushindwa kipimo hiki. Mtindi uliogandishwa, tikiti lililopondwa au supu iliyochanganywa na boga hupita kipimo baada ya kukaa nje ya friji kwa dakika tano hadi kumi, kwa kuwa vitu vilivyomo huzuia maji yasishikane kuwa bonge moja gumu. Njia nyingine ni kugandisha kwenye chombo kipana chenye kina kifupi, kama bakuli la bati au sahani ya shimo, na kumpa mbwa chombo chenyewe. Akikuta uso wa barafu ulio bapa hana pa kung'ata, hivyo atalamba. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa Simba, ambaye kwa miaka minane meno yake hayawezi kuwa mapya.

Usitumie vile vifuko vya plastiki ambavyo watu hugandishia barafu za ubuyu na za juisi za kuuza. Mbwa hatakichana kifuko kama mtoto anavyofanya. Atakimeza pamoja na utamu wake, na plastiki ikikwama kwenye utumbo ni upasuaji. Vijiti vya kushikia navyo ni vivyo hivyo.

Sasa tuingie jikoni, na nianze na supu, kwa sababu ndiyo iliyo bora kuliko vyote ulivyovitaja na ndiyo isiyo na gharama. Chukua mifupa ya ng'ombe au miguu na shingo za kuku, chemsha kwa maji mengi kwa saa moja au mbili bila chumvi, bila kitunguu, bila kitunguu saumu na bila kiungo cha pakiti cha aina yoyote. Ipua, chuja, na mifupa yote uitupe mahali ambapo mbwa hawafiki, kwani mfupa uliopikwa huvunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo. Acha supu ipoe kabisa, kisha iweke sehemu ya chini ya friji usiku mmoja. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu kama utando mweupe, nawe utayaengua kwa kijiko. Usiiruke hatua hii. Mafuta mengi kwa mara moja huweza kuliamsha kongosho la mbwa likavimba, na mbwa mwenye ugonjwa huo hutapika, hujikunja kwa maumivu ya tumbo na wakati mwingine hufa. Supu iliyobaki iongezee maji kiasi kile kile, mimina kwenye mabakuli na ugandishe usiku kucha. Ukitaka iwe laini zaidi, ponda humo kipande cha boga lililochemshwa au karoti iliyoiva, au ongeza wali mweupe kidogo usio na chumvi wala mafuta, na kwa mkazi wa Mbarali sidhani kwamba nina haja ya kueleza wali utapatikana wapi.

Nasisitiza habari ya kitunguu kwa sababu ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi. Mama wa nyumbani huandaa supu ya familia, akachota kidogo kwa ajili ya mbwa kwa nia njema kabisa, kumbe ndani yake vimekaangwa vitunguu viwili vya Ruaha Mbuyuni. Kitunguu, kiwe kibichi, kimepikwa, kimekaushwa au kimesagwa, kina kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kupika hakuziondoi. Kiasi kinachofikia nusu ya asilimia ya uzito wa mbwa huweza kumdhuru. Kwa Popi hiyo ni kama gramu 75, yaani kitunguu kimoja cha wastani, na kiasi kidogo kinachorudiwa siku hadi siku nacho hujikusanya. Dalili hazionekani siku ile ile: baada ya siku kadhaa mbwa hulegea, ufizi wake hupauka, mkojo wake hugeuka rangi ya chai ya rangi, na mwenye mbwa wakati huo ameshasahau ile supu.

Mtindi unafaa, mradi uwe wa maziwa yaliyochemshwa na usiwe wenye sukari au ladha ya matunda. Mbwa mzima ana upungufu wa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, ndiyo maana maziwa freshi huwaharisha wengi wao, lakini katika mtindi sehemu ya sukari hiyo imeshaliwa na bakteria wanaogandisha maziwa, hivyo huvumilika zaidi. Pima kikombe kimoja cha mtindi, ponda nusu ya ndizi mbivu, ongeza nusu kikombe cha maji safi, koroga na ugawe katika vikombe vidogo vinane, vile vya kunywea kahawa. Mchanganyiko wote una kilokalori kama 200, kwa hiyo kila kikombe kina 25, na hesabu hiyo itatusaidia mbele. Mara ya kwanza mpe kila mbwa kimoja tu na usubiri hadi kesho yake uangalie kinyesi. Kikiwa cha majimaji, mtindi haumfai, rudi kwenye supu.

Tikiti halina matatizo mengi. Ondoa ganda na mbegu, ponda nyama nyekundu, gandisha. Gramu 100 zake zina kilokalori 30 tu na sehemu kubwa ni maji. Ganda usimwachie mbwa alitafune, kwani vipande vyake havisagiki na huweza kukwama. Papai bivu lisilo na mbegu nalo ni sawa. Embe, plamu na pichi ni sawa pia kwa nyama yake, lakini kokwa hapana.

Parachichi nitalieleza kwa uangalifu kidogo, kwa kuwa watu wa Rungwe na Njombe huliona kama tunda lisilo na lawama, nao wana haki ya kujivunia. Ndani ya parachichi mna kemikali ambayo ni sumu kali kwa ndege na sungura, na hata mbuzi wanaonyonyesha huathirika matiti. Mbwa huivumilia kuliko wanyama hao, na hivyo mbwa aliyeokota kipande cha parachichi chini ya mti hatakufa kwa sababu hiyo. Tatizo kwa mbwa ni mambo mawili mengine: mafuta yake ni mengi, takriban gramu 15 katika kila gramu 100, tena kokwa lake lina ukubwa na utelezi wa kuziba koo au utumbo barabara. Kwa kuwa una tikiti na boga, sioni sababu ya kulitumia.

Karanga ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi kuliko ulivyotarajia. Ukisikia watu wakisifu siagi ya karanga kwa mbwa, fahamu kwamba kijiko kimoja kikubwa kina kilokalori zinazokaribia 95, na utaona hivi punde kwamba hicho ni zaidi ya posho nzima ya Popi ya siku. Siagi za dukani, hasa zile zinazotangazwa kuwa hazina sukari, baadhi huwekwa utamu uitwao zailitoli, ambao kwenye pakiti huandikwa xylitol au E967. Kwa binadamu hauna neno. Kwa mbwa hushusha sukari ya damu ndani ya dakika 10 hadi 60, akaanza kuyumba na kupata degedege, na kiasi kikubwa huharibu ini. Soma maandishi yote ya kopo, na kama huyaelewi, usinunue kwa ajili ya mbwa.

Karanga za kusaga mwenyewe zinaepuka zailitoli lakini zina hatari yake, nayo ni sumukuvu. Ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu hutoa sumu inayoharibu ini, ile ile iliyosababisha vifo vya watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka sana. Kukaanga hakuimalizi, na kugandisha hakuigusi kabisa. Desturi yetu ya kuchambua karanga, zile nzuri zikaenda kwa wageni na zilizosinyaa au kubadilika rangi zikatengwa kwa mbwa na kuku, ni desturi mbaya. Vivyo hivyo kwa pumba na mahindi yaliyooza. Ikiwa bado unataka kutumia karanga, chagua zile ambazo ungempa mwanao, kaanga bila chumvi, saga, na upake kijiko kimoja cha chai juu ya barafu ya Simba, si kila siku.

Vipo vitu vichache ambavyo hukuvitaja lakini vinapatikana majumbani, navyo visiingie kabisa kwenye bakuli la mbwa: zabibu mbichi na kavu, ambazo huua figo na kiwango chake cha hatari hakitabiriki, chokoleti na kahawa, njugu za makadamia, na pombe ya aina yoyote, pamoja na machicha yake. Dagaa na usipa wa Kyela ni chakula kizuri cha mbwa, ila waliokaushwa kwa chumvi lazima walowekwe na kuoshwa mara mbili kabla ya kuchemshwa, kwani siku za joto chumvi ya ziada ndiyo kitu cha mwisho tunachokihitaji.

Tukirudi kwenye kiasi, kanuni tunayoitumia ni kwamba vitafunwa vyote vya siku visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati anayoihitaji mbwa. Popi mwenye kilo 15 anahitaji takriban kilokalori 850 kwa siku na Simba takriban 1,400, pengine chini ya hapo kama muda mwingi anashinda amelala. Hivyo Popi ana posho ya kilokalori 85 na Simba 140. Katika vikombe vile vya mtindi na ndizi, Popi apate viwili au vitatu na Simba vinne au vitano, si zaidi. Tikiti lililopondwa, Popi atosheke na gramu 200. Supu iliyoenguliwa mafuta na kuzimuliwa ina nishati ndogo sana hata sikusumbui kwa hesabu; bakuli la robo lita kwa Popi na la nusu lita kwa Simba, mara moja au mbili kwa siku, halitawanenepesha. Mbwa mnene huumia kwa joto kuliko mwembamba, kwa hiyo barafu ya mtindi ikizidi, inamwongezea tatizo lile lile ulilotaka kulitatua.

Wape wakiwa mbali mbali. Mbwa wanaokula pamoja kwa amani kila siku huweza kupigana kwa ajili ya kitu kipya kitamu, na mtoto akiingilia kati ndiye anayeng'atwa. Mmoja mfunge upande wa mbele wa nyumba, mwingine nyuma, na mabakuli yakusanywe mara wakimaliza, kabla sisimizi na nzi hawajayageuza kuwa yao.

Kuhusu usafi wa friji, mbwa na familia wanaweza kutumia friji moja bila tatizo kama kila kitu kimepikwa na kimefunikwa. Kinachokatazwa ni nyama mbichi, na hasa mapafu, maini na matumbo kutoka machinjioni. Katika viungo hivyo hukaa malengelenge ya minyoo ambayo mbwa akiyala mabichi hupata tegu wadogo, na mayai ya tegu hao yakifika kwa binadamu kupitia kinyesi na manyoya ya mbwa huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Friji ya nyumbani ambayo umeme wake hukatika na kurudi si kitu cha kutegemea kuua malengelenge hayo. Moto wa kuchemsha nusu saa ndio wa kutegemea. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, angalia: kama bado kuna chembe za barafu ndani ya mchanganyiko, unaweza kuugandisha tena, lakini kama umeyeyuka wote na kupata joto kwa saa mbili au zaidi, mwaga. Tengeneza kidogo kidogo, cha kutosha wiki moja.

Kabla hujawasha moto wa supu, hata hivyo, naomba uende ukasimame ndani ya banda la mbwa saa nane mchana. Sikuulizwa jambo hili, lakini karibu kila nyumba ninayotembelea kati ya Igawa na Chimala ina banda la bati lenye kimo cha kiuno, mbwa akifungiwa humo tangu alfajiri hadi jioni ili awe mkali usiku. Bati lililopigwa na jua hugeuza banda kuwa tanuri, na hakuna barafu itakayoshindana nalo. Weka nyasi nene juu ya bati, inua paa lipitishe upepo, au wahamishie mchana chini ya mwembe wakiwa na kamba ndefu na beseni la maji ambalo haliwezi kupinduka. Maji hayo yabadilishwe mchana, maana maji yaliyochemka kwa jua hawatayanywa, na wakifunguliwa watakwenda kunywa kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, ambako dawa za kuulia magugu na wadudu huishia. Simba usimnyoe manyoya mpaka ngozini. Mchane, utoe yale yaliyokufa, inatosha.

Kuna neno moja katika barua yako ambalo sikulipita: wanahema na chakula wanakiacha. Kama wanahema mchana tu na usiku wakapoa na kula, ni joto. Lakini kama Simba anahema hata saa kumi na moja alfajiri hewa ikiwa baridi, hilo si jua. Funua mdomo uangalie ufizi. Ukiwa mweupe au wa manjano, na hasa kama ana kupe, huenda ni ugonjwa unaoletwa na kupe, na mbwa wa namna hiyo anahitaji dawa haraka. Joto la kawaida la mbwa akipimwa njia ya haja kubwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za sentigredi. Kipimajoto cha duka la dawa kinatosha, na kisirudi tena kwa watu.

Mwisho ni hali ambayo barafu ya kulamba haina kazi kabisa. Mbwa akiwa anahema bila kukoma, ute ukawa mzito na wa kunata, ufizi ukawa mwekundu mno kisha ukapauka, akayumba, akatapika au akaanguka, amepigwa na joto, na mwili wake huenda umevuka nyuzi 41. Usimpe kitu chochote cha kula. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba au ya kisima mwili mzima, uyasukume kwa vidole mpaka yafike kwenye ngozi, hasa kwa Simba mwenye manyoya mengi, na watu wawili wampepee kwa nguvu bila kuacha, au mweke mbele ya feni. Khanga lililoloweshwa usimfunike nalo, kwa sababu muda mfupi tu hupata joto na kumfungia joto lake ndani. Maji ya kunywa mwekee mbele yake, akitaka mwenyewe. Usimmiminie mdomoni, atapaliwa. Joto likishuka hadi nyuzi 39.5 acha kummwagia, mkaushe kidogo, kisha ndipo umtafutie usafiri wa kwenda kwa daktari wa mifugo. Mji wa Mbeya uko zaidi ya kilomita 100 kutoka kwako, na mbwa anayepakiwa kwenye gari kabla ya kupozwa mara nyingi hafiki. Apelekwe hata kama ameinuka na kutikisa mkia, kwa kuwa figo, ini na kuganda kwa damu huweza kuharibika polepole na dalili zake zikajitokeza siku ya pili au ya tatu.